Dirishani kwa Mtendaji

Nilianza kusoma populizimu mwaka 2016, mwaka ambao jambo hilo lilikuwa midomoni mwa kila mchambuzi. Mwezi Juni Waingereza walipiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Mwezi Novemba Wamarekani wakamchagua Donald Trump. Na huku kwetu Rais John Pombe Magufuli alikuwa anatimiza mwaka wake wa kwanza Ikulu. Nilikuwa nimetoka kumaliza uzamili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikapata ufadhili wa uzamivu ulionipeleka Copenhagen sehemu ya mwaka na kunirudisha Mwanza, nilikokulia, sehemu iliyobaki. Kila aliyesikia mada yangu alikuwa na jibu tayari. Wenzangu wa Ulaya walisema: rais wenu ni wa kundi lile lile. Ndugu zangu wa Mwanza walisema: ninyi wasomi mnamchukia kwa sababu anawapenda wanyonge. Mimi nilitaka kujua jambo ambalo pande zote mbili zililiruka. Mtu wa kawaida, mwenye akili zake timamu, alikuwa anapata nini kwa kiongozi wa namna ile, na alikuwa analipa nini?

Wanazuoni walikuwa wamenipa pa kuanzia. Cas Mudde, katika makala yake ya mwaka 2004, aliieleza populizimu kuwa fikra nyembamba inayoigawa jamii makundi mawili, umma ulio safi na tabaka la juu lililooza, kisha inadai siasa ifuate utashi wa ule umma. Jan-Werner Müller, katika kitabu chake cha 2016, alitia mkazo kwenye hatari: mwanasiasa wa aina hiyo hadai tu kuwawakilisha wananchi, anadai ni yeye peke yake anayewawakilisha, na anayempinga si mwananchi halisi. Ernesto Laclau, Mwajentina aliyefundisha kwa miaka mingi Essex, aliliona jambo kwa jicho la huruma zaidi. Kwake, huyu anadai maji, yule anadai ardhi, wa tatu anadai kazi. Madai yao yakikosa wa kuyasikiliza, hufungamana mpaka yakawa dai moja dhidi ya wenye nguvu. Nawaheshimu wote watatu na nawafundisha mpaka leo. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa kwenye benchi la ofisi ya kata nchini Tanzania akisubiri barua ya utambulisho, na benchi hilo ndilo lililonionyesha kazi yangu ni ipi.

Kabla ya benchi, lazima nieleze miezi ile ya mwanzo ilivyokuwa, maana sasa husimuliwa na watu wenye haraka ya kuhukumu. Magufuli alishinda Oktoba 2015 kwa asilimia 58, dhidi ya Edward Lowassa aliyekuwa amehamia upinzani miezi michache tu kabla ya kura. Aliapishwa tarehe 5 Novemba. Kesho yake alitoka Ikulu kwa miguu mpaka Wizara ya Fedha, akakuta viti vitupu. Akaenda Muhimbili bila kutangaza, akakuta wagonjwa wamelala chini, akaivunja bodi ya hospitali. Fedha zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya hafla ya wabunge zikapelekwa kununua vitanda. Tarehe 9 Desemba, badala ya gwaride la Uhuru, akaamuru nchi nzima ifanye usafi, na yeye mwenyewe akashika ufagio kule Feri, pembezoni mwa Ikulu. Januari 2016 ada ya sekondari za serikali ikafutwa mpaka kidato cha nne.

Niliona watu wazima wakilia kwa furaha mbele ya televisheni. Jirani yetu wa Mwanza, mama aliyewahi kulala sakafuni wodini na mwanawe mgonjwa, alisema, "Angalau kuna mtu ameona." Siwezi kuandika kuhusu miaka ile nikaanza na sheria na vifungu, nikaruka sentensi hiyo. Demokrasia yetu ilikuwa na miaka 23 ya vyama vingi, chaguzi tano, bunge, mahakama na magazeti, na bado mama yule alikuwa hajawahi kuonwa.

Basi nirudi kwenye benchi. Mtafiti hapa nchini huanza na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, kisha hushuka ngazi kwa ngazi: katibu tawala wa mkoa, katibu tawala wa wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa mtaa. Kila ngazi ina barua yake, muhuri wake na mtu "aliyetoka kidogo". Katika ofisi moja, afisa aliisoma anwani ya utafiti wangu, akaipigia mstari sehemu iliyotaja demokrasia, akaniambia kwa upole kwamba nikiandika "ushiriki wa wananchi katika maendeleo" mambo yatakwenda haraka. Nikasubiri. Wenzangu wengine wa rika langu walisubiri zaidi, na wawili waliacha, wakaenda kusoma mambo ya kilimo.

Nikiwa nasubiri, nilisikiliza. Kwenye ofisi ya kata watu huja na haja ndogo ambazo kwao ni kubwa. Anatafutwa mdhamini wa polisi. Barua ya kufungua akaunti. Ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Mtoto amechaguliwa kwenda bweni na fomu inataka muhuri. Niliona mzee mwenye fimbo akiambiwa arudi Jumatatu, akarudi Jumatatu, akaambiwa muhuri umefungiwa na mtendaji yuko semina. Niliona binti akiagizwa akanunue karatasi ili barua yake ichapwe, na baada ya karatasi ikatajwa hela ya maji. Hakuna aliyepaza sauti. Walipotoka nje waliongea, na mimi nikawafuata nje na daftari langu.

Hapo ndipo utafiti ulipopata mwelekeo. Nilikuwa nimejiandaa kuwauliza watu kuhusu tabaka la juu: mafisadi wakubwa, kashfa za Richmond na Escrow, makampuni ya nje. Waliyataja, ndiyo, kwa kuwa waliyasikia redioni. Lakini hasira yao ya kweli, ile yenye tarehe na majina, ilikuwa juu ya mtu wa dirishani: mgambo aliyemwaga nyanya, afisa ardhi aliyegawa kiwanja kimoja kwa watu wawili, muuguzi aliyemtukana mwenye uchungu wa kujifungua, mwalimu wa michango. Tajiri wa Dar es Salaam hawakuwahi kumwona. Karani walimwona kila wiki.

Sasa tazama msafara wa Rais ulivyokuwa ukifanya kazi. Nilisimama pamoja na umati barabarani Kanda ya Ziwa, na misafara mingine niliifuatilia moja kwa moja kwenye televisheni. Msafara unafika kwenye mji mdogo na kusimama. Rais anapewa kipaza sauti, anasalimia kwa Kisukuma, anauliza kero. Mwananchi mmoja anasukumwa mbele, anaeleza kuhusu maji au fidia. Rais anamwita mkurugenzi, anamwita mkuu wa wilaya, wakati mwingine anampigia waziri simu huku spika zikirusha sauti ya simu hadharani. Afisa anajieleza, sauti inamtetemeka. Amri inatoka papo hapo: siku kadhaa, pesa kadhaa, au wewe kazi huna kuanzia leo. Umati unalipuka.

Kwa dakika zile, mtu wa dirishani ndiye anayetetemeka, na aliyeambiwa arudi Jumatatu ndiye anayesikilizwa. Niliwahi kumsikia mhadhiri mmoja akiita jambo lile mchezo wa kuigiza. Nilikataa wakati ule na nakataa leo. Lilikuwa jambo zito kwa watu waliokuwa pale. Wengi wao hawakuwa wameona kosa la serikali likikiriwa hadharani tangu wazaliwe.

Gharama yake ilikuwa pembeni ya picha. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, kwa hoja ya gharama. Ziara za Rais zikaendelea kurushwa. Katikati ya 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa, na marufuku hayo yalidumu mpaka Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alipoyaondoa. Kwa hiyo mwananchi aliweza kumwona kiongozi mmoja akimwajibisha afisa, lakini hakuweza kumwona mbunge akimwajibisha waziri, wala mpinzani akimhoji yule kiongozi mwenyewe. Kero ilibaki na mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa ndani ya gari linalopita.

Aliyenisaidia kuona upande wa pili ni mtendaji mmoja wa kata, nje kidogo ya jiji. Alikuwa kijana wa miaka yangu, amesoma utawala wa umma. Tulipozoeana alinifungulia kabati. Lilikuwa tupu isipokuwa rejista na kidau cha wino.

"Dada, tazama," aliniambia. "Fedha za uendeshaji sijaziona mwaka huu. Karatasi nanunua kwa mshahara wangu, zikiisha namwambia mwenye shida alete. Huku chini naitwa mla rushwa. Kule juu nikikosea naitwa jipu la kutumbuliwa. Niambie wewe msomi, mimi ni umma au mimi ni tabaka la juu?"

Sikuwa na jibu lililotosha, na sikuona aibu kumwambia hivyo. Swali lake liliingia kwenye sura ya tatu ya tasnifu yangu karibu kama alivyolisema. Miaka michache baadaye Dan Paget, mwanazuoni wa siasa za Tanzania, aliandika kwamba kumwita Magufuli mpopulisti ni kukosea mpangilio: siasa yake haikuwainua walio chini dhidi ya walio juu, bali ilimweka kiongozi mwema juu kabisa, akiwatetea walio chini dhidi ya wabovu. Niliposoma makala hiyo mwaka 2021 nilimkumbuka yule mtendaji na kabati lake. Kwenye mpangilio ule kuna mtu wa kati ambaye lazima awepo ili aadhibiwe, na hakuna anayeuliza kwa nini kabati lake ni tupu.

Wazee nao walinirudisha nyuma zaidi ya 2015. Katika kijiwe kimoja cha bao, kila nilipotaja Magufuli, mzee mmoja alinikatisha: "Mjukuu wangu, huyu tumeshamwona. Alikuwa Sokoine." Edward Sokoine, Waziri Mkuu, aliendesha mwaka 1983 msako dhidi ya wahujumu uchumi, watu wakakamatwa, mali zilizofichwa zikatolewa, na alipofariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 nchi ililia kama ilivyolia kwa wachache. Mwingine akamtaja Augustine Mrema, Waziri wa Mambo ya Ndani wa miaka ya tisini, aliyekuwa akisikiliza kesi za wananchi mwenyewe na kuwapa wakosaji siku saba. Mwaka 1995 Mrema aligombea urais kwa NCCR-Mageuzi, vijana wakalisukuma gari lake kwa mikono, akapata karibu asilimia 28.

Niliyaandika yote hayo kwa shauku, kwa sababu yalivunja hadithi ya kwamba populizimu ilikuja kwetu na upepo wa 2016. Sisi tuna mapokeo yetu. Mfumo wa chama kimoja ulijenga serikali inayoshuka mpaka nyumba kumi, lakini njia ya kupandisha malalamiko ilikuwa nyembamba. Ndiyo maana kila kizazi humpenda kiongozi anayeruka ngazi zote akaja mwenyewe. Hata vyama vingi vilikuja kwa kushushwa. Tume ya Jaji Nyalali ilikusanya maoni mwaka 1991, na takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 vikawa sheria. Naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi. Naamini pia kwamba hatukumaliza kazi yake, ambayo ilikuwa kuipeleka demokrasia mpaka kwenye lile dirisha.

Mwaka 2018 takwimu zenyewe zikawa jambo la siasa. Twaweza, shirika lililokuwa likiwapigia simu wananchi kupitia mradi wa Sauti za Wananchi, lilitoa matokeo Julai mwaka huo: waliokubali utendaji wa Rais walikuwa asilimia 55, kutoka 71 mwaka 2017 na 96 mwaka 2016. Kilichofuata kinajulikana. Tume ya Sayansi na Teknolojia ililiandikia shirika kuhoji kibali chake, na mkurugenzi wake mtendaji akanyang'anywa hati ya kusafiria. Septemba Bunge likarekebisha Sheria ya Takwimu, ikawa kosa kutoa takwimu zenye nia ya kupotosha au kubatilisha zile rasmi. Adhabu ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo. Kipengele hicho kilirekebishwa Juni 2019, baada ya kelele za ndani na nje.

Kwa mwaka ule ulio katikati, sisi watafiti wachanga tuliishi kwa tahadhari ambayo ni vigumu kumweleza mtu aliyesomea kwingine. Msimamizi wangu wa Ulaya alitaka dodoso la watu mia kadhaa. Hata kabla ya sheria nilikuwa na mashaka nalo. Dodoso husomwa uani, jirani anasikiliza, balozi wa nyumba kumi amekaribishwa kiti. Kwenye utafiti wa Afrobarometer kuna swali la mwisho zuri sana, linalomwuliza mhojiwa anadhani aliyewatuma ni nani. Wengi barani kwetu husema ni serikali. Mtu akidhani umetumwa na serikali, asilimia 96 inaweza kuwa upendo, na inaweza kuwa adabu. Fomu ya ridhaa ndiyo iliyoharibu zaidi. Kamati ya maadili ilitaka saini. Mama mmoja muuza dagaa aliitazama fomu yangu, akaikunja, akanirudishia mkononi. "Mwanangu, mimi nitaongea na wewe mpaka jioni. Lakini saini ndiyo iliyochukua shamba la baba yangu."

Nikaliacha dodoso. Nilijenga tasnifu yangu juu ya mazungumzo, mikutano ya mitaa na rejista za malalamiko ambazo watendaji walikubali nizisome. Msimamizi alielewa baada ya barua ndefu, na kamati ikakubali ridhaa ya mdomo. Nafikiri hivyo ndivyo kazi hii inavyopaswa kufanywa katika nchi ambamo watu wanajua thamani ya saini zao.

Yapo mambo ya miaka ile ambayo sikuyaingiza kama data, lakini yalikaa chumbani pamoja nami nikiandika. Ben Saanane, kada wa upinzani, alitoweka Novemba 2016. Tundu Lissu, mbunge wa upinzani, alipigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, mchana, akitoka bungeni. Mwandishi wa habari Azory Gwanda alitoweka Kibiti Novemba mwaka huo huo. Watu walishtakiwa kwa maneno waliyoandika WhatsApp. Wahojiwa wangu walipofika sehemu fulani ya mazungumzo waligeuka kutazama mlango, na mimi nilifunga daftari.

Wakati huo huo wachimbaji wadogo wa Geita walikuwa wananieleza mambo ya kweli waliyoyapata. Januari 2019 Rais alikutana nao Dar es Salaam, na wiki chache baadaye wakaondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Machi likafunguliwa soko la dhahabu Geita. Mchimbaji mmoja alinionyesha karatasi yake ya mauzo kwa fahari. Kabla ya hapo, alisema, alikuwa anauzia dhahabu yake gizani kwa mtu anayempangia bei. Wamachinga wa Mwanza nao walikumbuka Desemba 2016, Rais alipozuia wasiondolewe mjini mpaka watengewe maeneo. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, 670,000 kwa kuanzia, shilingi 20,000 kimoja. Mama muuza viatu vya mitumba pale Makoroboi alikivaa shingoni. "Mgambo akija namwonyesha hiki. Hanigusi."

Nilimwuliza: na kitambulisho kikiisha muda, au akija rais mwingine asiyekitambua, utakwenda wapi? Akanitazama kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa kuhusu mvua ya mwaka kesho. "Si yupo?"

Nilipeleka mazungumzo hayo kwenye semina Copenhagen. Mezani walikuwepo wanafunzi waliokuwa wakiandika kuhusu Hungary ya Viktor Orbán, kuhusu Venezuela, kuhusu vyama vya Skandinavia vinavyopinga wahamiaji. Mmoja wao akasema, bila ubaya, kwamba wahojiwa wangu walikuwa wamehongwa. Nilimjibu kwa ukali kuliko nilivyozoea. Nilimwambia kwamba kuacha kupigwa na mgambo si hongo, ni haki, na mtu anayepewa haki yake kama zawadi hawezi kulaumiwa kwa kushukuru. Lawama inamhusu aliyeifanya haki iwe zawadi. Baada ya kikao mwanafunzi wa Hungary alinifuata, tukaongea mpaka kantini ikafungwa, na tangu hapo tumeandika makala mbili pamoja.

Novemba 2019 nilikuwa Mwanza kwa uchaguzi wa serikali za mitaa. Kwangu huo ndio uliokuwa mtihani wa hoja nzima, kwani mwenyekiti wa mtaa ndiye kiongozi wa karibu zaidi na dirisha. Wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi, kwa fomu zilizodaiwa kujazwa vibaya. Vyama vyao vikuu vikajitoa. Tarehe 24 chama tawala, CCM, kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Katika mitaa niliyokuwa nikiifuatilia hapakupigwa kura. Mwenyekiti alipita bila kupingwa. Niliuliza watu wanaonaje. Baadhi walikasirika, baadhi walifurahi, lakini wengi walisema jambo lililonitia wasiwasi kuliko hasira: kwamba mwenyekiti hana maana sana, kwa kuwa Rais anasikiliza mwenyewe.

Mwaka uliofuata Magufuli alitangazwa mshindi kwa asilimia 84, upinzani ukayakataa matokeo, na waliojitokeza kupiga kura walikuwa takriban nusu ya walioandikishwa, kutoka asilimia 67 mwaka 2015. Sura yangu ya mwisho ilihusu tofauti hiyo. Ukiwaambia watu kwamba yuko anayewasikiliza, kidogo kidogo sanduku la kura linapungukiwa kazi.

Tarehe 17 Machi 2021, usiku, Makamu wa Rais Samia alitangaza kifo cha Magufuli. Katika siku za kuaga watu walitandika khanga barabarani ili jeneza lipite juu yake, na kwenye Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, watu 45 walikufa katika msongamano. Mwili ulipofika Mwanza nilikuwa kwenye umati wa uwanja wa Kirumba, sina daftari. Nililia na mimi. Nilikuwa nimetumia miaka mitano nikichambua madhara ya utawala wake na bado nililia, kwa ajili ya wale waliokuwa wanalia, kwa kuwa nilijua kila mmoja alikuwa anazika nini.

Miezi michache baadaye, mwishoni mwa 2021, wamachinga waliondolewa katikati ya miji nchi nzima na kupangiwa maeneo mengine. Vibanda vya Makoroboi vikavunjwa. Nilimtafuta mama wa viatu, nikamkuta kwenye soko jipya mbali na mjini, ana kizimba chenye namba lakini hana wateja. Kitambulisho alikuwa amekiweka kwenye mkoba.

"Umelalamika kwa nani?" nilimwuliza.

"Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Ananijua mimi? Sikumpigia kura, hakuna aliyempigia."

Nilitetea tasnifu yangu mwaka uliofuata. Mtahini mmoja aliuliza kama nina matumaini, nikamwambia nitamjibu baada ya kuona mkutano niliokuwa nimealikwa, wiki ileile ya kurudi kwangu nyumbani. Wafanyabiashara wa soko lile jipya walikuwa wanachagua uongozi wao. Saa nzima ya kwanza iliishia kwenye ubishi mmoja: nani ana haki ya kupiga kura? Wenye vizimba walisema ni wao tu, wamesajiliwa. Wa maturubai, wanaotandika nje ya uzio, wakasema wao ndio wengi. Mwenyekiti wa muda alitaka kumpigia simu mkuu wa wilaya ili aamue. Mama wa viatu akasimama, akamwambia aiweke simu chini. "Tuliondolewa wote siku moja, mgambo hakuuliza nani ana namba."

Wakapiga kura juu ya nani apige kura, kwa kunyoosha mikono. Hoja ya mama ikapita kwa tofauti ndogo, na wenye vizimba watatu wakatoka nje kwa hasira, wawili walirudi. Katibu akachaguliwa msichana muuza mabegi mwenye mwandiko mzuri. Barua yao ya kwanza ilikwenda kwa mkurugenzi, nakala kwa diwani na kwa mbunge, ikiomba kituo cha daladala na choo. Katibu aliipeleka mwenyewe dirishani, akakataa kuondoka mpaka nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Daladala zilianza kuingia sokoni kabla ya mwaka kwisha. Choo bado wanakidai, na tayari wameandika barua ya tatu.